Mshauri wa fedha anakula wapi?

Ushauri wa fedha ulio sahihi ni mfupi mno kuuzika. Tumia pungufu ya unachopata. Maliza kwanza deni lenye riba kubwa. Weka pembeni fedha za dharura. Kata bima kwa hasara usizoweza kuzibeba mwenyewe, na usikate kwa zile unazoziweza. Kinachobaki kiwekeze kwa muda mrefu mahali penye gharama ndogo, kisha usikichokonoe. Yote hayo yanaenea kwenye nusu karatasi, na ukishayasikia mara moja huna sababu ya kuyalipia mara ya pili. Ndiyo maana biashara ya ushauri wa fedha haiwezi kuishi kwa hayo. Lazima iongeze kitu: kozi ya wiki nane, semina, kundi la siri kwenye simu, bima yenye akiba ndani yake, mfuko mpya wa uwekezaji wenye jina zuri. Kilichoongezwa ndicho kinacholipisha, na mara nyingi ndicho kinachoharibu.

Waliokaa upande wa pili wa meza, kwenye mauzo ya bima na mifuko ya uwekezaji, wanajua kuwa mshauri si lazima awe mwongo ndipo akupoteze. Wengi wanakiamini wanachokiuza. Namna wanavyolipwa ndiyo inayochagua kipi kisemwe na kipi kinyamaziwe. Kwa hiyo kujiuliza kama mtu huyu ni mkweli hakukusaidii sana. Uliza anakula wapi, halafu bashiri mwenyewe ushauri wake utaegemea upande gani. Hutakosea mara nyingi.

Anayelipwa kwa kamisheni ataegemea bidhaa. Hawezi kukuambia usinunue chochote mwaka huu, kwa sababu siku hiyo yeye analala na njaa. Hana haja pia ya kukuambia ubaki na bima uliyonayo, maana kamisheni nono huwa ni ya mwaka wa kwanza wa mkataba mpya. Ukisikia "hii yako imepitwa na wakati, tuihamishe", jua kuna mtu anayeanza kuhesabiwa upya. Anayelipwa kwa asilimia ya mali anayokusimamia anaonekana msafi zaidi, kwani mali yako ikikua naye anakua. Lakini mjaribu kwa swali moja: je, nitoe sehemu ya fedha hizi nikalipe mkopo wangu wa asilimia 18? Kulipa deni la asilimia 18 ni sawa na kupata faida ya uhakika ya asilimia 18, na hakuna mfuko halali utakaokuahidi hivyo. Ila kila unachokitoa kinapunguza kapu analokata asilimia yake, na hapo utaona jibu linavyozunguka. Anayelipwa kwa saa ana kishawishi cha kurefusha mambo. Na yule anayefundisha bure mtandaoni analipwa na matangazo, au na kiungo alichokiweka chini ya video: ukifungua akaunti kupitia hapo, naye anapata fungu lake.

Zipo nchi zilizoamua kung'oa mzizi. Uingereza ilipiga marufuku kamisheni kwa washauri wa uwekezaji kuanzia 31 Desemba 2012, na Uholanzi ikafanya vivyo hivyo mwanzoni mwa 2013. Kishawishi cha kamisheni kikapungua, lakini likazuka jingine: ushauri wa kulipia ada waziwazi ukawa ghali kwa mwenye fedha kidogo, na washauri wakasogea kwa wenye nazo. Sisemi marufuku ilikuwa kosa. Nadhani ilikuwa na faida kuliko hasara. Nasema tu kwamba bado haijapatikana njia ya kumlipa mshauri isiyo na upande.

Sasa hesabu, kwa sababu huku ndiko watu wengi wanakolizwa bila hata uongo kutamkwa.

Chukua ile inayopendwa kuliko zote: acha matumizi madogo ya kila siku, utazeeka tajiri. Tuseme unaweka 100 kwa siku, yaani kama 36,000 kwa mwaka, kwa miaka 40. Mhubiri wa akiba ataweka faida ya asilimia 12 kwa mwaka na kukuonyesha milioni 27.6. Ukumbi unapiga makofi. Hakuna tarakimu iliyokosewa. Kikokotoo kitakupa jibu hilohilo. Kilichofichwa ni mambo mawili. Kwanza, asilimia 12 ni faida ambayo wachache huipata kwa miaka 40 mfululizo baada ya makato na kodi. Weka asilimia 8, milioni 27.6 zinashuka hadi milioni 9.3. Pili, bei hazisimami. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 6 kwa mwaka, kitu cha 1 leo kitauzwa kwa zaidi ya 10 baada ya miaka 40. Gawanya milioni 9.3 kwa 10.3, unabaki na uwezo wa kununua wa kama 900,000 za leo. Kutoka milioni 27.6 hadi chini ya milioni moja, na mtu hajaibiwa hata senti.

Haki itendeke: kama kila mwaka unaongeza kiasi unachoweka kulingana na bei zinavyopanda, uwezo huo wa kununua unafika kama milioni 2.1. Ni fedha nzuri. Ni akiba ya kweli. Siyo utajiri uliotangazwa, na haizidi sana jumla ya ulichoweka, ambacho kwa thamani ya leo ni milioni 1.44. Kwa hiyo ukionyeshwa mchoro wa mstari unaopaa, dai tarakimu tatu kabla hujautazama: faida iliyotumika kwa mwaka, mfumuko wa bei uliotolewa, na makato yaliyotolewa. Kama mojawapo haipo, ujue imewekwa sifuri.

Wastani nao ni mtego. Mfuko uliopanda asilimia 60 mwaka wa kwanza na kushuka asilimia 40 mwaka wa pili una wastani wa asilimia 10 kwa mwaka. Kijitabu cha mauzo kinaweza kuandika hivyo bila kudanganya kwa tarakimu. Lakini fedha yako ya 100 ilifika 160, kisha ikashuka hadi 96. Umepoteza. Usikubali "wastani wa faida". Uliza 100 iliyowekwa siku fulani ilikuwa ngapi siku fulani, baada ya makato yote.

Makato ndiyo sehemu inayochosha kusikiliza, na huo uchovu una faida kwa anayekukata. Asilimia 2 kwa mwaka inasikika kama kitu cha kusamehe. Weka 100,000 kwa miaka 30 kwa faida ya asilimia 7: inakuwa kama 761,000. Toa asilimia 2 za makato, yaani faida ibaki 5: inakuwa kama 432,000. Tofauti ni 329,000, zaidi ya mara tatu ya mtaji wako wote, imeondoka kwa jina la "asilimia mbili tu". Na makato hayakai mahali pamoja. Kuna ya kuingia, ya kila mwaka, ya mauzo na manunuzi ndani ya mfuko, ya kutoka, na ya jukwaa au wakala anayekuhifadhia. Muuzaji atakutajia moja. Omba jumla yake kwa asilimia, halafu omba tena kwa tarakimu za fedha kwa mwaka wa kwanza kwa kiasi unachotaka kuweka wewe. Tarakimu za fedha huzindua kuliko asilimia.

Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Marekani, aliweka dau la dola milioni moja kwamba, kuanzia 2008 hadi 2017, mfuko wa bei nafuu unaofuata tu soko la hisa la Marekani utaishinda mifuko ya ada kubwa (hedge funds) iliyochaguliwa na wataalamu. Ule wa kufuata soko ulikua kwa kama asilimia 8.5 kwa mwaka. Kapu la wataalamu kwa kama asilimia 3. Sehemu kubwa ya pengo hilo ilitokana na makato yaliyopangwa juu ya makato.

Lakini hata hubiri hili la "nunua soko zima ukae kimya" lina wauzaji wake, na lina shimo lake. Nikkei, kipimo cha hisa za Japani, kilifika 38,915 mwishoni mwa 1989, na hakikuivuka tarakimu hiyo hadi Februari 2024. Miaka 34. Gawio lingepunguza maumivu, na anayenunua kidogo kidogo kila mwezi asingeumia kama aliyeingiza zote kileleni. Bado, anayekuambia kuwa "muda mrefu soko hupanda siku zote" amechukua historia ya soko moja lililobahatika akaifanya sheria ya dunia.

Kwenye mikopo, neno la kuogopa ni riba ya mkupuo: ile inayohesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hata kama umesharudisha nusu. Umekopa 100,000 kwa mwaka mmoja, "riba asilimia 1.5 tu kwa mwezi". Wanazidisha 1.5 kwa 12, wanapata 18,000, jumla 118,000, unalipa 9,833 kila mwezi. Unadhani umekopa kwa asilimia 18. Hapana, kwa sababu hukukaa na 100,000 mwaka mzima. Mwezi wa saba mkononi mwako imebaki kama nusu, nawe unaendelea kutozwa kana kwamba unayo yote. Riba halisi, ikihesabiwa kwa salio linalopungua, ni kama asilimia 31.7 kwa mwaka. Hapo bado hujaongeza ada ya fomu na bima ya mkopo, ambazo mara nyingi hukatwa mwanzoni, ukapokea 96,000 huku ukidaiwa 100,000.

Hili unaweza kulipima mwenyewe kwa dakika moja. Fungua Excel au programu yoyote ya majedwali, andika =RATE(12,-9833,100000)*12, bonyeza Enter. Cha kwanza ni idadi ya marejesho, cha pili ni rejesho la kila mwezi likiwa na alama ya kutoa, cha tatu ni kiasi ulichopokea mkononi. Weka ulichopokea, usiweke kilichoandikwa kwenye mkataba. Kwa mfano wa 96,000 jibu linapanda sana. Linganisha wakopeshaji wawili kwa tarakimu hii peke yake na usahau matangazo yao.

Fomula hiyohiyo inafichua bima za akiba. Maneno ya mauzo huwa hivi: weka 10,000 kila mwaka kwa miaka 15, umeweka 150,000, unachukua 200,000, faida asilimia 33 na bima ya maisha juu yake. Asilimia 33 inavutia hadi uigawe kwenye muda. Andika =RATE(15,-10000,0,200000,1), ile 1 ya mwisho ikimaanisha unalipa mwanzo wa mwaka. Jibu ni asilimia 3.5 kwa mwaka. Kama amana ya kawaida au hatifungani ya serikali inalipa zaidi ya hapo, basi umemlipa mtu akupunguzie faida. Na ikiwa mfumuko wa bei uko juu ya 3.5, unarudishiwa thamani ndogo kuliko uliyotoa. Utajibiwa, "lakini kuna bima ndani." Sawa. Uliza bei ya bima ya maisha tupu, ya muda maalumu, yenye fidia ileile kwa miaka ileile. Toa bei hiyo kwenye 10,000, kilichobaki kiweke mwenyewe mahali pengine, kisha linganisha. Kwa kijana mwenye afya, bima tupu huwa sehemu ndogo tu ya ile 10,000, na ndiyo maana hakuna anayehangaika kuitangaza: kamisheni yake ni ndogo vilevile.

Kinachovunja watu zaidi kwenye bima hizi ni kutoka mapema. Miaka ya mwanzo malipo yako yanakwenda kwenye kamisheni na gharama za kuandikisha, hivyo ukisitisha mwaka wa pili unaweza kurudishiwa kidogo sana au usirudishiwe kabisa. Kabla hujatia sahihi, dai jedwali linaloonyesha kiasi utakachopewa ukivunja mwishoni mwa mwaka wa 1, wa 3, wa 5 na wa 10. Jedwali hilo lipo. Wakala akisema halipo, hajasoma mkataba anaouuza, au ameusoma.

Walimu wa biashara ya fedha za kigeni ni kabila jingine. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya ilieleza kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida wanaofanya biashara ya mikataba ya tofauti za bei (kubashiri bei, ikiwemo ya sarafu, bila kununua kitu chenyewe) hupoteza fedha, na ikawalazimisha madalali waandike kiwango chao cha wanaopoteza kwenye matangazo. Ikapunguza pia mkopo wa dalali kwa sarafu kubwa hadi mara 30 ya fedha yako. Madalali walio nje ya sheria hizo hutoa mara 100, mara 500, na wanaitangaza kama zawadi. Kwa mara 100, bei ikienda kinyume nawe kwa asilimia 1 umekwisha, na asilimia 1 kwa sarafu inaweza kutokea ndani ya siku moja. Mwalimu anapata wapi? Kwanza ada ya kozi. Pili, na hapa ndipo penye utamu, dalali humpa sehemu ya tofauti ya bei ya kununua na kuuza kila unapofanya muamala, na wapo madalali wanaomgawia moja kwa moja kutoka kwenye hasara yako. Ndiyo maana "ishara" za kundi huwa nyingi kwa siku. Mtu anayefanya muamala mmoja kwa mwezi hamlishi mtu.

Kuhusu picha za faida: mwenye makundi manane anaweza kutuma "nunua" kwa manne na "uza" kwa manne. Manne yaliyopata yanabaki, mengine yanafutwa au yanabadilishwa jina. Baada ya raundi tatu kuna kundi moja ambalo limeona utabiri sahihi mara tatu mfululizo, na wanachama wake wako tayari kulipia uanachama wa juu. Hakuna aliyetabiri chochote. Ushahidi wa kuomba ni taarifa kamili ya akaunti halisi kwa angalau miezi 24, ikionyesha fedha zilizoingia na kutoka, na hata hiyo uione ikifunguliwa kutoka kwa dalali mwenyewe. Picha ya simu hutengenezwa kwa dakika tano.

Ahadi ya asilimia kwa mwezi ipime kwa kuirefusha. Asilimia 10 kwa mwezi inakuwa zaidi ya asilimia 213 kwa mwaka. Kwa miaka mitano, 100,000 inageuka kuwa zaidi ya milioni 30. Mwenye uwezo huo hahitaji 100,000 yako, angekopa benki na kunyamaza. Tapeli maarufu Charles Ponzi mwaka 1920 aliahidi asilimia 50 kwa siku 45, na wa mwanzo walilipwa kweli, kwa fedha za waliofuata. Kulipwa kwa jirani yako si ushahidi kuwa biashara ipo. Ni gharama ya matangazo.

Zile kanuni za mkato sizichukii, ila zisomwe pamoja na zilikotoka. Asilimia 50 kwa mahitaji, 30 kwa matakwa, 20 kwa akiba: inamfaa mwenye mshahara usiobadilika na unaozidi mahitaji. Ambaye pango na chakula vinakula asilimia 75 hana tatizo la nidhamu, ana tatizo la kipato, na mshauri anayemhubiria bajeti anapoteza muda wa wote wawili. Mwenye kipato kisichotabirika aandike mapato ya miezi 12 iliyopita, achukue mwezi mbaya kuliko yote, apange maisha kwa huo. Ziada ya miezi mizuri ijaze kwanza akiba ya dharura. Kanuni ya kutoa asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza wa kustaafu, kisha kukiongeza kiasi hicho kila mwaka kulingana na bei, ilitokana na hesabu za mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, mwaka 1994, kwa hisa na hatifungani za Marekani na ustaafu wa miaka 30. Anayestaafu akiwa na umri wa miaka 45, au anayewekeza kwenye soko lenye mfumuko mkubwa wa bei, anavaa kiatu cha mguu wa mwingine.

Baada ya yote haya, wapo washauri wanaostahili ujira wao: mirathi yenye utata, kodi ya biashara, kustaafu kukiwa na vyanzo kadhaa vya kipato, talaka. Ukimpata wa namna hiyo, mlipe ada iliyotajwa mapema kwa kazi iliyotajwa mapema. Muulize kwa maandishi: nani mwingine anakulipa nikifuata ushauri huu? Sheria inakulazimisha kuweka maslahi yangu mbele, au kuhakikisha tu kuwa bidhaa inanifaa? Kwa hali gani ningepoteza fedha, na kiasi gani? Anayeshindwa hilo la mwisho mwache hapohapo. Leseni yake itafute mwenyewe kwenye orodha ya mamlaka husika, kisha piga namba iliyoandikwa kwenye orodha hiyo, usipige aliyokutumia yeye. Matapeli hunakili jina na namba ya leseni ya kampuni halali na kubadilisha mawasiliano tu.

Na kama umeshatia sahihi juzi, kimbilia mkataba. Katika nchi nyingi bima za muda mrefu zina siku za kutafakari, mara nyingi 14 hadi 30, ambazo unaruhusiwa kuvunja na kurudishiwa fedha zako pengine kwa makato madogo. Angalia siku hizo zinaanza kuhesabiwa lini, siku ya sahihi au siku uliyopokea hati, kwa sababu wakala anayechelewesha hati huenda anasubiri zipite. Usimwambie wakala kwa simu, atakuomba wiki moja ya kufikiri. Andika barua kwa kampuni yenyewe, taja namba ya mkataba na tarehe, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.